Tangi Lililovuta Pumzi

"Andika kwamba nimemuua mimi," alisema yule mtu. "Andika, afande, tumalize."

Mpelelezi hakuandika. Aliilaza kalamu mezani, akaisukuma kwa kidole mpaka ikalingana na ukingo wa faili, kisha akainamisha kichwa. Kituoni walimwita Kobe, na jina lile halikumkera. Alikuwa mzito wa mwendo, shingo ndefu, upara unaong'aa, na wenzake walizoea kuambizana kwamba Kobe akiinama ujue anatunga sheria.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti viwili na dirisha dogo lililowekwa juu mno, kiasi kwamba aliyekaa aliambulia kipande cha anga tu. Mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa msaidizi wa fundi wa kuchomelea vyuma, mikono yote imejaa makovu madogo ya cheche. Marehemu, yaani fundi mwenyewe, alikuwa mume wa dada yake. Kwa hiyo kila alipomtaja alisema "shemeji", na kila aliposema "shemeji" alimeza mate kama anayemeza kidonge bila maji.

"Umemuua kwa kitu gani?" Kobe aliuliza.

"Kwa kumwacha."

"Kumwacha si silaha. Nieleze upya, tangu mlipofika kiwandani. Usiruke kitu."

Yule mtu alivuta pumzi ndefu. Walikuwa wameitwa katika kiwanda cha mafuta ya kula ambacho kilikuwa kimesimamisha kazi kwa muda mrefu. Nyuma ya kiwanda kulikuwa na matangi matatu ya chuma yaliyosimama wima, marefu kama nyumba ya ghorofa. Meneja alitaka nyufa za tangi la kwanza zichomelewe haraka, kwa kuwa mnunuzi wa kiwanda alikuwa njiani kuja kukagua. Wakapanda juu, wakalegeza nati za mfuniko. Fundi akachukua tochi na nyundo, akashuka kwa ngazi ya ndani kwenda kutafuta nyufa. Msaidizi akabaki mdomoni mwa tangi.

"Kabla hajashuka mlizungumza nini?"

"Hatukuzungumza."

"Hata neno?"

"Tulikuwa tumenuniana, afande. Tangu dada yangu alipofariki. Shemeji aliniita kuzika, hakuniita kuuguza. Nilifika nikakuta sanda. Basi siku hiyo nikaapa kwamba sitamsemesha mpaka yeye anisemeshe. Na yeye kichwa ngumu vilevile."

"Na kazi mlikuwa mnafanyaje?"

"Kwa nyundo. Mapigo mawili, lete kifaa. Moja, subiri. Matatu, napanda. Miaka yote hiyo tumejenga mageti, tumeziba mabomba, tumepandisha paa, kwa nyundo tu."

Kobe alikohoa kidogo. "Endelea."

"Akashuka. Nikasikia pigo moja. Nikajua ananiambia nisubiri. Nikasubiri. Nikawasha sigara, nikaivuta mpaka ikaniunguza vidole. Nilipochungulia nikamwona amelala chini, tochi inawaka pembeni yake. Lile pigo, afande, ilikuwa nyundo inamponyoka."

Nje ya chumba mtu alipita akiburuta viatu, akacheka na mwenzake, sauti zikapotea.

"Ukafanya nini?"

"Nikaanza kushuka. Sijafika popote, magoti yakawa uji. Macho yakaingia giza. Sijui nilirudije juu. Mlinzi wa getini alinikuta nimelala ukingoni natapika, ananifokea mbona sishuki kumtoa mwenzangu. Niliogopa, afande. Nimesimama juu nikimtazama ndugu yangu anakufa. Sasa andika."

"Chai?"

"Chai gani?"

"Meneja anasema ulikuja na chupa ya chai, na kwamba mlikuwa na ugomvi unaojulikana."

Yule mtu alicheka kicheko kikavu. "Mtu hataki salamu yangu, atataka chai yangu?"

Hilo Kobe alikuwa ameshaliwaza. Chupa ile ilikuwa na kikombe kimoja tu, na watu walionuniana hawanywi kikombe kimoja. Akageukia jambo jingine.

"Mlipolegeza nati, mfuniko ulitoa sauti?"

"Ulitoa. Fyuuu, kama gurudumu linalotoka upepo."

"Kwa hiyo hewa ilitoka."

"Ndivyo nilivyodhani." Akatazama viganja vyake, kana kwamba kile anachokikumbuka kilikuwa kimebaki humo. "Lakini kuna kitambaa nilikuwa nafutia nati. Kikanaswa kwenye ule upenyo. Nikakivuta, kikang'ang'ania. Kilikuwa kinavutwa kwa ndani, afande. Nilistaajabu. Nikataka kumwambia, shemeji, tangi hili linavuta pumzi. Nikafungua mdomo. Halafu nikaufunga."

"Kwa nini?"

"Ningekuwa mimi wa kwanza kusema."

Kobe aliichukua kalamu. Katika karatasi nzima ya maelezo, aliandika habari za kitambaa peke yake.

*

Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa kupenda mambo yaliyokwisha. "Mtu amekiri," alisema, huku akipekua faili amesimama. "Ugomvi upo, shahidi yupo. Unangoja nini, malaika ashuke?"

"Amekiri kuogopa, mkuu. Hajakiri kuua. Daktari hakuona jeraha zaidi ya uvimbe wa kuanguka. Hakuona sumu. Hata alama ya kupapatika hakuiona. Mtu mzima mwenye nguvu zake ameshuka ngazi, akalala."

"Gesi, basi. Mafundi wa kuchomelea wana mitungi ya gesi."

"Hawa hutumia mashine ya umeme. Tena ilikuwa bado iko getini, hawajaishusha. Kule tangini hakukuwa na mtungi hata mmoja."

Mkuu alifunga faili. "Kesho jioni mtu anapelekwa mahakamani. Kwa kosa lolote utakaloniletea, lakini anapelekwa."

Kobe alirudi kwake. Aliishi katika nyumba ya kazi yenye vyumba viwili, na kimoja hakikuwa na kitu ila kitanda cha binti yake ambaye siku hizi alikuwa nchi ya mbali na alipiga simu pale tu alipoumwa. Kila asubuhi, kabla ya kufunga mlango, Kobe aliiacha redio ikizungumza, ili atakaporudi akute sauti ya mtu. Alikula amesimama karibu na jiko, sahani mkononi, redio ikimweleza bei za nafaka. Kisha akaosha sahani moja, kijiko kimoja na bilauri moja, akavipanga.

*

Maabara ya serikali ilikuwa imehamia jengo jipya, isipokuwa mtu mmoja. Mkemia mkongwe waliyemwita Mama Chupa alikataa kuhama, akasema kule wamejenga vioo vingi na rafu chache. Wakamwachia jengo la zamani na mlango unaolia. Kobe alipoingia alimkuta akizungumza peke yake mbele ya mizani.

"Chai yako ina sukari tu," Mama Chupa alisema bila kugeuka. "Tena sukari ya kutisha. Mwenyewe atakufa kwa kisukari hata mahakama haijakaa."

"Dada, sikuja kwa ajili ya chai."

"Najua. Wewe hujawahi kuja kwa kitu rahisi. Keti."

Kobe aliketi, akamsimulia: tangi, nati, sauti, kitambaa. Alipofika kwenye kitambaa, Mama Chupa aliivua miwani yake.

"Rudia hapo."

"Kitambaa kilivutwa kwa ndani."

"Tangi hilo lilioshwa kabla ya kufungwa?"

"Nimeambiwa lilioshwa kwa maji ya moto, likafungwa hivyo hivyo na unyevu wake."

"Na ndani limepakwa rangi?"

"Halina rangi. Ni kutu tupu. Mikono ya askari wa zimamoto walioutoa mwili ilikuwa myekundu mpaka viwikoni."

Mama Chupa alisimama, akaenda kwenye rafu, akarudi mikono mitupu kama aliyesahau alichokifuata. "Muuaji wako unamvuta puani sasa hivi," alisema. "Ni oksijeni. Yaani, kutokuwepo kwake."

"Nieleze kama unavyomweleza mtoto."

"Mtoto angeelewa upesi zaidi. Sikiliza. Atomi ya oksijeni ina elektroni sita katika duara lake la nje, na haitulii mpaka ziwe nane. Imepungukiwa mbili. Ndiyo maana huikuti peke yake. Peke yake haidumu hata kufumba na kufumbua, itashikamana na chochote kilicho karibu. Ikikutana na nyingine kama yeye, kila moja inatoa elektroni mbili, wanatumia zote nne kwa ushirika. Muungo wa maradufu. Hiyo sasa ndiyo molekuli unayoivuta."

"Basi zikishapatana zimetulia."

"Zimetulia, hazijaridhika. Iletee chuma kilicholowa uone. Chuma ni mkarimu wa elektroni, na maji ndiyo mshenga. Oksijeni inaachana na mwenzake, inafungamana na chuma, na muungo huo ni wa kufa na kuzikana. Ukitaka kuwatenganisha uwashe tanuri la kuyeyushia madini. Tunda la ndoa hiyo tunaliita kutu."

Kobe aliinamisha kichwa. Mama Chupa, aliyemjua, alimngoja.

"Tangi limefungwa," Kobe alisema hatimaye, polepole. "Kutu inakula oksijeni iliyomo. Hakuna inayoingia."

"Kikulacho ki nguoni mwako."

"Na oksijeni ilikuwa sehemu ya tano ya hewa yote. Ikipotea, hewa iliyobaki inapungua nguvu. Ya nje inasukuma. Ukilegeza nati, tangi linavuta."

"Linavuta pumzi, kama alivyosema huyo maskini. Aliona sawasawa. Wala usiseme imepotea. Haijatoka tangini hata chembe. Iko ukutani, ukikwangua kwa ukucha utaishika. Imegeuka kitu kigumu, basi."

"Na kilichobaki hewani?"

"Naitrojeni. Hiyo imefungamana na mwenzake kwa muungo wa mara tatu, haina habari na chuma wala na mtu. Haina harufu, haina rangi, haiwashi koo."

"Mbona hakupiga kelele? Mtu anayekosa hewa hupapatika."

"Anayepapatika ni yule aliyebanwa koo. Kinachotufanya tuone tunakosa pumzi ni ile hewa chafu tunayotakiwa kuitoa, ikijaa damuni. Huyu alikuwa anaitoa vizuri kabisa. Kifua kilipanda, kikashuka, hakuona tofauti. Kumbe kila pumzi inamnyang'anya hata ile oksijeni aliyokuja nayo. Pumzi mbili tatu, taa ikazimika. Hakuumia, kama hilo litamfaa mtu wa kwake."

"Wa kwake yupo mmoja, nimemfungia," Kobe alisema.

Mama Chupa alirudisha miwani usoni. "Ninayosema ni maneno tu mpaka nipime. Tangi lile limeshapulizwa hewa na zimamoto. Nitafutie jingine lililofungwa siku moja na lile, nami nitakuja na kipimo changu." Akaongeza, "Nitafurahi kutoka kidogo."

*

Mlinzi wa kiwanda aliwafungulia geti kwa shida. Kiwanda kilikuwa kimya. Majani yalikuwa yameota katikati ya reli za mikokoteni, na nyumba ya boila ilikuwa na paa lililobomoka upande mmoja. Matangi matatu yalisimama nyuma. Kobe alitembea taratibu kuyazunguka.

La kwanza lilikuwa wazi. La pili pia, mfuniko umelazwa kando.

"Hili nalo nani alilifungua?" aliuliza.

"Mimi, mzee," mlinzi alijibu. "Meneja aliniagiza. Siku ileile, maiti bado imelazwa hapo kwenye majani. Alikuja mbio, akasema fungua mifuniko yote, sasa hivi. Nikafungua hili. Lile la tatu nati zake zimeshikana, nilizipiga mpaka mkono ukafa ganzi. Nikaliacha."

"Ukamwambia kwamba umeliacha?"

Mlinzi alikuna shingo. "Hakuniuliza, mzee. Na mimi sikujipendekeza."

Kobe na Mama Chupa walitazamana. Kisha Kobe akasogea kwenye tangi la tatu, akapitisha kiganja juu ya ubavu wake. Katikati, bamba la chuma lilikuwa limebonyea kwa ndani, kama kopo lililokandamizwa kwa mkono mzito. Hakukuwa na alama ya kugongwa. Rangi ya nje ilikuwa nzima.

"Limebanwa na hewa," Mama Chupa alisema kwa sauti ndogo. "Masikini weee, limesimama hapa linabanwa siku zote hizo."

Kobe alimtuma mlinzi akamwite meneja, naye akapanda ngazi ya nje na fundi wa kituo aliyekuja na spana kubwa na mafuta ya kulainishia. Meneja alifika nati ya kwanza ikilia. Alikuwa mtu nadhifu, kola imepigwa pasi, kitambaa cha jasho mkononi.

"Afande, hilo halina haja ya kufunguliwa," alipaza sauti kutoka chini. "Tangi lenye shida lilikuwa la kwanza."

"Panda, meneja. Utazame nasi."

"Mimi kizunguzungu hunishika nikiwa juu."

"Basi simama hapo hapo usikie."

Nati ya mwisho ililegea. Kobe aliomba kitambaa cha fundi, akakisogeza penye ukingo wa mfuniko. Kikaruka kutoka vidoleni mwake, kikabanwa kwenye upenyo. Sauti nyembamba ya fyuuu ilisikika mpaka chini, ikaendelea, ikafifia. Mama Chupa, aliyekuwa amepanda kwa kuhesabia goti moja baada ya jingine na kumlaumu kila aliyewahi kutengeneza ngazi, aliteremsha kipimo chake kwa kamba. Kikaanza kupiga kelele hata hakijafika mbali.

"Hewa ya kawaida ina sehemu ishirini na moja za oksijeni katika mia," alisema akisoma. "Hapa hazifiki tano. Na hii ni baada ya kuvuta nyingine mlipofungua."

Kisha aliwasha mshumaa ndani ya kopo, akauteremsha. Wote waliinama kutazama, nyuso mbali na mdomo wa tangi kama alivyowaamuru. Mwali ulishuka kidogo tu. Haukuyumba, haukutoa moshi mwingi. Ulizimika kama uliobanwa kwa vidole.

Fundi wa kituo alisogea nyuma bila kuambiwa.

Kobe alishuka ngazi kwa mwendo wake uleule. Alipofika chini alimkuta meneja akijifuta shingo.

"Meneja, katika maelezo yako ya kwanza ulisema tangi la kwanza uliliacha wazi tangu siku mbili nyuma, lipate hewa."

"Ndiyo. Niliwaambia na wenzako."

"Lililoachwa wazi halivuti kitambaa. Uliona la tatu lilivyofanya. La kwanza lilifanya vivyo hivyo asubuhi ile, mbele ya msaidizi wa fundi."

"Huyo ni muuaji, unamwamini?"

"Asingeweza kuitunga. Mimi mwenyewe sikuijua mpaka leo asubuhi, na yeye mpaka sasa hajui maana yake." Kobe aliinama, akaokota kipande cha kutu kilichodondoka kutoka kwenye mfuniko, akakigeuzageuza. "Niambie jingine. Ulituambia kilichoua ni sumu ya kwenye chai."

"Nilidhani."

"Ulipodhani kwamba mtu ameuawa kwa chai, mbona ulikimbilia kufungua matangi?"

Meneja alifungua mdomo. Akautazama ule mshumaa uliozimika ambao Mama Chupa alikuwa akishuka nao.

"Usalama," alisema.

"Dhidi ya nini?"

Meneja alikikunja kitambaa chake cha jasho mara mbili.

"Njia ya mwongo ni fupi, meneja, na yako imeishia ukutani. Ulijua. Nani alikufundisha?"

Meneja aliketi juu ya jiwe la msingi wa tangi, bila kujali suruali yake safi. Alizungumza akiwa amekodolea macho majani pale mwili ulipokuwa umelazwa. "Kule nilikokuwa zamani walikufa wawili," alisema. "Tangi kama haya. Wa pili aliingia kumtoa wa kwanza. Nilikuwa nimesimama kando."

"Kwa hiyo ulijua."

"Feni ya kupulizia hewa imeharibika. Mnunuzi alikuwa anakuja keshoye. Nilisema moyoni, wakifungua mfuniko, hewa itaingia yenyewe, pengine yatosha."

"Uliwaambia?"

"Ningewaambia wangekataa kushuka."

Mlinzi, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alisonya. Kobe alimwomba meneja asimame, akamshika mkono juu kidogo ya kiwiko, taratibu, kama mtu anayemvusha mzee barabara.

*

Mkuu wa kituo alisoma maelezo mara mbili, safari hii amekaa. "Nilisema mtu atapelekwa mahakamani," alisema mwishowe. "Nadhani sikusema yupi." Akatia saini.

Msaidizi wa fundi aliletwa, akarudishiwa mkanda na viatu vyake. Kobe alimweleza yote pale kaunta, kwa maneno machache: kutu, hewa, meneja. Yule mtu alisikiliza huku akifunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena.

"Kama ungeshuka," Kobe alisema, "tungewatoa wawili. Miguu yako ilikuwa na akili kuliko wewe. Hukumwacha."

"Na kama ningemwambia habari ya kitambaa?"

Kobe aliinamisha kichwa. "Pengine angesimama akafikiri," alisema. "Pengine angecheka, akashuka. Sijui."

"Aliniona naduwaa, afande. Alinitazama. Nadhani alikuwa anangoja niseme."

"Hakuna kifungu cha sheria kinachomhukumu mtu kwa kununa."

"Basi nani atanihukumu?"

Kobe alitoa kofia yake kwenye msumari. "Unakwenda wapi sasa?"

"Hospitali. Akazikwe. Nani mwingine yupo? Walikuwa yeye na dada, basi. Mtoto hawakujaaliwa."

"Nitakusindikiza."

Chumba cha maiti kilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu wenye harufu ya dawa. Mhudumu alikuwa tayari amevua joho lake na kushika funguo. Aliwatazama wote wawili.

"Nani ndugu wa marehemu?"

"Mimi," alisema yule mtu. "Ni shemeji yangu. Ni kaka yangu."

Mhudumu alivuta droo ya chuma, akafunua shuka mpaka kifuani, akatoka nje. Kobe naye alibaki mlangoni, mgongo umeegemea fremu, akitazama ukumbi mtupu.

Kisha sauti ikaanza ndani, ndogo, ya kukwaruza, ya mtu aliyesahau jinsi ya kuanza.

"Shemeji. Mashine ipo salama. Afande ameniambia mlinzi aliihifadhi vizuri, nyaya zote zipo. Lile geti la shule walikuja kuulizia kabla hatujaenda kiwandani, wanataka bawaba nyingine. Niliwaambia wewe ulisema zile zilikuwa hafifu tangu mwanzo. Hukuniambia, lakini nilikuona ulivyozitazama." Droo ya chuma ililia kidogo, kama iliyoegemewa. "Nilikasirika sana kwa ajili ya dada. Ulidhani ningekuja kukulaumu, eh? Ningekulaumu, ndiyo. Halafu ningekaa. Tungekaa wote naye."

Sauti ilikatika, ikarudi, ikaendelea na habari za kazi, za kodi ya banda, za bomba la jirani lililopasuka tena palepale walipoliziba.

Mhudumu alirudi kutoka ukumbini akichezesha funguo zake. "Afande, muda umekwisha. Nifunge."

Kobe hakusogea mlangoni.

"Wasubiri kidogo," alisema. "Wanazungumza."